Leseni ya kuendesha kreni Marekani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nilianza kazi kwenye winchi za bandarini Dar es Salaam, na sasa ni miaka mingi nanyanyua mizigo Massachusetts. Kila Jumapili baada ya ibada simu yangu haitulii. Wanaopiga ni ndugu zetu Waswahili, wengi kutoka Kongo, wengine Tanzania, Kenya na Burundi. Wanataka kutoka kwenye kazi za usafi na maghala waingie kwenye mashine, na maswali yao ni yale yale. Nimeyaandika hapa na majibu yake ili mtu ayasome kabla hajatoa hata dola moja mfukoni.

Kuna leseni moja inayokubalika Marekani nzima?

Hakuna. Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kwa sababu tumetoka katika nchi zenye sheria moja kutoka mpaka hadi mpaka. Marekani, serikali ya shirikisho imeweka kiwango cha chini kwa kreni za ujenzi kupitia ofisi yake ya usalama kazini, OSHA. Juu ya kiwango hicho kila jimbo linajiamulia. Massachusetts, Connecticut, Rhode Island, New York, New Jersey, Pennsylvania, West Virginia, Minnesota, Montana, New Mexico, Utah, Nevada, Oregon, California, Washington na Hawaii yana masharti yao. Ipo pia miji inayotoa leseni yenyewe, kama Chicago, New York City, Los Angeles, New Orleans, Omaha na Washington DC.

Texas, Ohio, Kentucky na Iowa, ambako ndugu zetu wengi wameshukia, hazina leseni ya jimbo ya kreni. Huko unabaki na sheria ya shirikisho, na usije ukadanganywa kwamba basi unaweza kupanda tu. Cheti kinatakiwa huko kama kwingine.

Leseni, cheti, tathmini: si kitu kimoja?

Ni vitu vitatu, na mtu anaweza kuwa na kimoja bado akawa haruhusiwi kugusa mashine.

Cheti hutolewa na chombo cha kutahini kilichoidhinishwa. Kinachojulikana zaidi ni NCCCO, ambacho mafundi wanakiita CCO tu. Vipo vingine, kama NCCER na CIC. Cheti kinadumu miaka 5 na kinataja aina ya kreni uliyofaulu, au aina pamoja na uwezo wake. Ukifaulu kreni ya magurudumu yenye mkono (boom) unaorefuka, hujafaulu kreni ya mnara.

Leseni hutolewa na serikali ya jimbo au mji. Pengine ili uipate lazima kwanza uwe na cheti, ndivyo ilivyo Pennsylvania. Pengine jimbo lina mtihani wake kabisa. Na kama mtihani wa jimbo haufiki kiwango cha shirikisho, utahitaji leseni na cheti vyote.

Tathmini hufanywa na mwajiri wako. Tangu tarehe 7 Februari 2019 mwajiri anapaswa kukupima kwenye mashine ile ile utakayoendesha na kwa kazi ile ile utakayofanya, kisha aandike kwamba amekupima. Ukihama kampuni, mwajiri mpya anakupima upya hata kama cheti chako bado kibichi.

Sharti hili la cheti halikuja kirahisi. Kanuni ilitolewa mwaka 2010, tarehe ya kuanza ikasogezwa mbele mara mbili, hatimaye ikashika tarehe 10 Novemba 2018. Ndiyo maana utakutana na wazee wa kazi watakaokwambia, “Mimi nimeendesha miaka thelathini bila karatasi.” Wanasema kweli. Wewe huna nafasi hiyo tena.

Kadi yangu ya OSHA 10 si leseni ya kreni?

Sivyo. Kadi ya saa 10 au saa 30 inaonyesha umehudhuria mafunzo ya jumla ya usalama. Ni kadi nzuri, na saiti nyingi hawakuingizi bila hiyo, lakini haikupi ruhusa ya kushika hata usukani wa kreni. OSHA yenyewe haimpi mtu yeyote cheti cha uopereta.

Naandika kwa uchungu kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa kwanza hapa nililipa mshahara wa wiki mbili kwa kozi ya siku mbili, nikapewa kadi yenye picha yangu na maneno makubwa ya “opereta”. Nilipoipeleka saiti, msimamizi aliitazama, akanirudishia, akaniambia nikachukue fagio. Kabla hujalipa, uliza swali moja: cheti hiki kinatolewa na chombo gani kilichoidhinishwa, na naweza kulithibitisha jina langu kwenye orodha yao? Akianza kuzunguka, ondoka.

Massachusetts wanataka nini hasa?

Nitakaa hapa kidogo, maana ndiko ninakokujua na ndiko sheria ilikotandaza mkono mpana kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Massachusetts haizungumzii kreni peke yake, inazungumzia mashine za kunyanyua. Imo katika sura ile ile ya sheria inayohusu maboila, na hilo linakuonyesha ilianzia zama za mashine za mvuke. Unahitaji leseni kama mashine yako inaweza kufanya lolote kati ya haya matatu: kunyanyua mzigo zaidi ya futi 10 kwenda juu, kunyanyua mzigo unaozidi ratili 500 (ratili ndiyo paundi yao, kwa hiyo ni kama kilo 227), au kuwa na bakuli linalochota zaidi ya robo ya yadi ya ujazo.

Pima mwenyewe. Kijiko cha kuchimba mitaro kinaingia. Foklifti ya ghalani inaingia. Hata katapila dogo la kuzoa udongo linaweza kuingia.

Leseni zimegawanywa kwa madaraja. 1A ni ya kreni zenye kamba za chuma, ndiyo kubwa ya kundi lake. 1B ni ya mikono inayorefuka yenye kamba, 1C ni ya mikono inayorefuka isiyo na kamba, na 1D ni ya foklifti za maghala. Madaraja ya 2 ni ya vijiko na mashine za udongo. 3A ni ya mashine za kunyanyua zinazotumia umeme au hewa. Madaraja ya 4 ni ya mashine za kazi maalumu.

Uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, uwe na kadi ya uchunguzi wa afya ya DOT (Idara ya Uchukuzi), ile wanayopimiwa madereva wa malori, na ufanye mtihani wa jimbo. Leseni inadumu miaka 2, na ili kuihuisha lazima uwe umehudhuria masomo ya kuongezea ujuzi. Usingoje wiki ya mwisho kutafuta masomo hayo.

Nilikuwa naendesha foklifti Kentucky bila shida. Nimehamia Worcester, Massachusetts, kuna nini tena?

Swali hili limewaponza wengi. Katika majimbo mengi foklifti haina leseni ya serikali. Mwajiri anakufundisha, anakupima, anakupa kadi yake, na kila baada ya miaka 3 anakupima tena. Kadi hiyo ni ya kwa mwajiri huyo tu, ingawa watu huiita leseni.

Ukivuka kuingia Massachusetts, mashine ile ile inadai leseni ya jimbo. Mlango mmoja upo: kampuni inayotumia foklifti ndani ya eneo lake peke yake inaweza kutoa leseni ya ndani kwa wafanyakazi wake iliowafundisha, mradi kila zamu awepo msimamizi mwenye leseni ya jimbo. Kwa hiyo ukiajiriwa ghala kubwa, uliza: “Mnatoa leseni ya ndani, au nahitaji ya jimbo?” Na ukumbuke kwamba ya ndani haitoki getini. Ukitumwa kwenda kushusha mzigo kwenye saiti ya mtu mwingine, huna leseni.

Vijana wetu wa chini ya miaka 18 wasiguse foklifti wala winchi, hata jamaa akisema “ni dakika moja tu.” Sheria ya shirikisho ya ajira za watoto imewakataza.

Nina leseni ya nyumbani na barua ya bandari. Zinasaidia?

Leseni yenyewe haihamishiki. Hakuna jimbo litakalobadilisha leseni ya Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi kuwa yake, hivyo utafanya mtihani kama wengine. Lakini usitupe barua zako. Mwajiri anayekutathmini anataka kujua mikono yako imepitia nini, na mtu aliyeshusha makontena usiku wa upepo bandarini ana kitu ambacho darasa halifundishi. Tafuta mtu azitafsiri kwa Kiingereza, zitaje aina ya mashine na miaka uliyofanya.

Kinachowaangusha waliozoea nyumbani ni vipimo. Sisi tumekulia kwenye kilo na mita. Hapa jedwali la mizigo, lile linaloonyesha kreni inabeba uzito gani kwa umbali gani, limeandikwa kwa ratili na futi, na neno “tani” lenyewe lina maana nyingine. Tani yao ni ratili 2,000, sawa na kilo 907. Yetu ni kilo 1,000. Kreni ya “tani 50” ya hapa ni kilo 45,359, si 50,000. Ukiipakia kwa hesabu ya nyumbani umezidisha tani nne na nusu bila kujua. Kaa na hesabu hii mpaka ikuingie kwenye damu.

Ishara za mikono hazitakusumbua sana, nyingi zinafanana na tulizozoea. Jifunze tu zilizochapishwa hapa, maana utaulizwa hizo.

Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Naweza kufanya mtihani kwa Kiswahili?

Sheria ya shirikisho inaruhusu mtihani wa cheti ufanywe kwa lugha yoyote ambayo mtahiniwa anaielewa. Inaruhusu hata mtihani wa mdomo, ukishaonyesha kwa maandishi kwamba unasoma kiasi cha kutosha kwa kazi hiyo na kwamba unaweza kutumia vitabu vya mtengenezaji.

Soma sehemu ya pili ya kanuni hiyo kabla hujafurahi. Cheti kitaandikwa lugha uliyofanyia mtihani, na utaruhusiwa kuendesha kreni ambayo kitabu chake na jedwali lake la mizigo vimeandikwa kwa lugha hiyo. Katika miaka yangu yote sijaona kreni yenye jedwali la Kiswahili. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: jifunze Kiingereza cha kreni. Si kile cha kujadiliana siasa, ni maneno mia chache ya mkono, ndoano, kamba, upepo, ardhi, uzito na umbali. Mtu mwenye bidii anayashika katika miezi michache, na nimeona mama wa watoto wanne akiyashika kwa kuandika matano kila siku kwenye mlango wa friji.

Mtihani ukoje?

Kwa CCO kuna sehemu ya maandishi na sehemu ya vitendo. Ukifaulu maandishi una miezi 12 kumaliza vitendo, la sivyo unaanza upya. Kwenye vitendo unapitisha mzigo kati ya vizuizi bila kuviangusha, unafuata ishara, unausimamisha bila kuyumba. Waliozoea mashine hawapati taabu hapo.

Taabu iko kwenye jedwali la mizigo. Uwezo wa kreni unapungua kadiri ndoano inavyokwenda mbali na katikati ya mashine. Ule uwezo mkubwa ulioandikwa ubavuni ni wa karibu kabisa. Tena namba unayosoma kwenye jedwali si mzigo unaoruhusiwa kufunga, lazima utoe kwanza uzito wa vitu vyako vyenyewe.

Chukua mfano. Jedwali linasema ratili 18,000 kwa umbali wa futi 40. Ndoano na kapi zake ratili 800. Slingi (kamba za kufungia mzigo) na pingu zake 400. Mkono wa nyongeza uliofungwa ubavuni unakata 1,200. Unabaki na 15,600. Mzigo wa 16,000 hauondoki chini, ingawa ni mdogo kuliko 18,000. Karibu kila niliyemsaidia kujiandaa alikosea hapa mara ya kwanza, na mimi nilikosea.

Nani analipa?

Kama wewe ni mwajiriwa na kazi yako inadai cheti au leseni chini ya kanuni ya kreni za ujenzi, mwajiri ndiye anayegharimia, na hapaswi kukukata mshahara. Ndugu zetu wengi wanajilipia kwa kutojua. Kama huna mwajiri na unajitafutia cheti ili uajiriwe, hapo ni mfuko wako.

Njia isiyokula mfuko ni uanagenzi wa chama cha waendesha mitambo, International Union of Operating Engineers. Unafanya kazi unalipwa huku unasoma. Tawi la huku kwetu ni Local 4. Nafasi ni chache na zina msimu wake wa kuomba, basi piga simu uulize mapema.

Kabla sijapata cheti naruhusiwa kushika mashine?

Ndiyo, kama mwanafunzi, chini ya macho ya mwalimu anayeijua mashine hiyo. Awe anakuona na mnawasiliana. Akienda kupumzika kidogo, isizidi dakika 15, wala isiwe zaidi ya mara moja kwa saa. Mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi ndani ya futi 20 kutoka nyaya za umeme za hadi kilovolti 350, haruhusiwi kunyanyua watu, wala kushiriki kunyanyua mzigo mmoja kwa kreni mbili. Kama umeambiwa “utajifunza humo humo” na mwalimu hayupo, hayo si mafunzo.

Naendesha kreni ya juu darini kiwandani. Nahitaji cheti?

Kanuni ya cheti cha shirikisho ni ya ujenzi. Kiwandani, mwajiri anatakiwa kuteua waendeshaji na kuwafundisha, na cheti cha CCO si lazima kwa sheria ya shirikisho. Sheria ya jimbo lako inaweza kudai zaidi, Massachusetts ikiwa mojawapo. Na kreni ya ujenzi yenye uwezo usiozidi ratili 2,000 haidai cheti cha shirikisho, ingawa mafunzo yanabaki palepale.

California, Pennsylvania na New York wanatofautianaje?

California wanadai cheti kwa kreni za magurudumu na za mnara tangu Juni 2005, pamoja na kupimwa afya na dawa za kulevya. Hazihusiki zile zenye mkono chini ya futi 25 au uwezo chini ya ratili 15,000. Minnesota sharti lilianza Julai 2007 kwa kreni za tani 5 na kuendelea. Pennsylvania ilipitisha sheria yake mwaka 2008 na ina bodi yake ya waendesha kreni. New York ni mbili: jimbo lina cheti chake, na New York City ina leseni yake kupitia Idara ya Majengo, inayodai uzoefu wa miaka chini ya opereta mwenye leseni. Aliyepata ya jimbo akiwa Buffalo asidhani ataingia Manhattan nayo.

Kwa nini ukali wote huu?

Kwa sababu ya waliokufa. Novemba 1989 kreni ya mnara ilianguka San Francisco na kuua watu watano. Novemba 2006 nyingine ilianguka Bellevue, jimbo la Washington, ikamuua mtu akiwa nyumbani kwake. Mwaka uliofuata jimbo lilipitisha sheria, na kuanzia Januari 2010 waendeshaji wote wa kreni za ujenzi huko walitakiwa kuwa na cheti. New York City, mwaka 2008, kreni iliua watu saba mwezi Machi mtaa wa East 51st, na nyingine ikaua wawili mwezi Mei East 91st, opereta akiwa mmojawapo.

Tazama pia sababu zake. Ya Machi ilitokana na slingi zilizokatika wakati mafundi wanafunga kola, pete ya chuma inayoushikiza mnara kwenye jengo. Ya Mei ilitokana na uchomeleaji mbovu. Seattle, Aprili 2019, wanne walikufa kwa sababu pini zilichomolewa mapema wakati wa kubomoa mnara, na wawili kati yao walikuwa barabarani kwenye magari. Leseni ya opereta pekee isingezuia hayo. Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: jifunzeni kufunga mizigo na kupiga ishara kwanza. Mpiga ishara naye anatakiwa awe amethibitishwa kuwa anaijua kazi, na ni mlango mzuri wa kuingilia saiti huku ukimtazama opereta kila siku.

Fomani akinilazimisha kunyanyua mzigo ninaoutilia shaka?

Kanuni ya shirikisho inampa opereta mamlaka ya kusimamisha kazi na kukataa mzigo kila anapoona usalama una mashaka, mpaka mtu mwenye ujuzi athibitishe kwamba ni salama. Fomani hana mamlaka ya kuipindua kwa kelele. Najua ilivyo ngumu kwa mgeni ambaye karatasi zake bado zinashughulikiwa na familia mbili zinamtegemea. Shusha mzigo, zima, toa mkono kwenye leva, sema kwa sauti ya kawaida kwamba unataka mtu athibitishe uzito. Kisha andika saa, tarehe na ulichosema kwenye daftari lako.

Mkaguzi akija saiti, niwe na nini mfukoni?

Leseni ya jimbo kama jimbo lako linayo, cheti chako, kadi ya afya, na kitambulisho. Vyote halisi, si picha kwenye simu. Ndani ya kreni, hakikisha kitabu cha mashine na jedwali la mizigo la kreni hiyo hiyo vipo na vinasomeka. Atakapouliza mzigo unaoning’inia una uzito gani, mjibu kwa ratili.